Safu ya Amerudi

Bi Nzilani hakunikabidhi ofisi. Alinikabidhi funguo
sitini na mbili kwenye kamba ya kiatu,
kopo la sukari, tochi,
na daftari la jalada la kitambaa, mgongo umeshonwa
mara mbili kwa uzi wa magunia.
Akaisoma barua yangu ya ajira, miwani puani:
"Mkurugenzi Msaidizi, Masuala ya Wanafunzi.
Mimi niliajiriwa kuhesabu vitanda."

Ndivyo kazi hii ilivyoanza huku juu,
karibu na Barabara ya State House, nyuma ya ukuta wa mawe:
mtu mmoja na kengele.
Saa tatu usiku, komeo.
Shuka mbili kwa muhula, sabuni nusu mche.
Mwanafunzi alikuwa kichwa kilicholetwa kujazwa;
kiwiliwili kiliachiwa mpishi na bawabu.

"Halafu wakaanza kulia," akasema.
Wa kwanza alikuwa wa uhandisi. Julai, baridi ya kung'ata.
Kaketi ngazini na barua ya msiba kutoka Mutomo,
nauli hana, mtihani Jumatatu.
"Kanuni zilikuwa kurasa arobaini,
na hakuna uliomtaja ukurasa hata mmoja.
Nikavunja ya kumi na mbili: nikampa chai jikoni.
Nikamfuata mhadhiri wake hadi kwake, Ngara,
akanifungulia na taulo kiunoni.
Mtihani ukasogezwa."
Hiyo ndiyo historia. Nyingine iko kwenye faili.

Daftari lina safu nne: Jina. Chumba. Ametoka. Amerudi.
Mwaka ule chuo kilipofungwa
(saa moja, waliambiwa, saa moja tu muwe mmeondoka)
magodoro yakiruka madirishani, moshi ukiwasha macho,
yeye alisimama langoni akiandika kwa penseli,
daftari kaliegemeza mgongoni mwa bawabu.
Majina mia mbili na kumi na moja.
Miezi ikapita. Walipofungua, akasimama palepale
akitia vema.
Mia mbili na kumi.

Mghendi Mwakio, fizikia, chumba 214.

Sanduku lake la bati liko stoo, chini ya neti za mbu.
Lebo ni nyeupe, kana kwamba imebandikwa jana.
"Wino ukififia naandika upya."
Nikauliza kama amewahi kulifungua.
Akanitazama kama nimemtukana mamake.
"Ni lake," akasema.

Nami nilikuja na shahada, na cheti cha semina ya Naivasha,
na mabango manne niliyoyapiga laminesheni kwa pesa zangu:
Utu. Usiri. Usawa. Mwanafunzi Kwanza.
Nikayabandika ukutani alipokwisha kuondoka.
Moja likaanguka papo hapo.
Nililiacha sakafuni.

Usiku huohuo, saa saba na robo, simu:
"Madam, wa 309 hafungui. Tangu jana."
Nikapanda ngazi na funguo zikinipiga pajani,
sitini na mbili, na hakuna hata mmoja wenye nambari,
maana Bi Nzilani alizijua kwa kidole.
Nikajaribu saba. Nane. Mikono ikanigoma.
Semina haikuwa imefika hapa.
Nikaketi chini, kwenye simiti, mdomo karibu na tundu:
"Jebiwott. Mimi ni mgeni hapa.
Nina funguo zote na sijui upi ni upi.
Nisaidie."

Kimya.
Bomba lilikuwa likidondoka bafuni.
Bawabu alikohoa, nikamnyoshea kiganja.
Sijui ni dakika ngapi.
Kisha, kwa ndani, komeo.

Tulikunywa chai hadi adhana ya alfajiri iliposikika kutoka mjini.
Hakuniambia mengi. Sikumwuliza.
Saa moja nilimpeleka zahanati, nikangoja kwenye benchi,
tukarudi pamoja kwa miguu.

Nilipolifungua daftari sikujua niandike vipi.
Hakuwa ametoka, kwa mujibu wa safu ya tatu.
Nikaiacha wazi.
Kwenye ya nne nikatia vema.

Sukari ilikuwa imeisha.